Wifi, Ziba Choo Chako Kabla ya Masika

Mpendwa wifi yangu Kabula,

Shikamoo. Marahaba utaitikia ukishanuna ukachoka. Wewe ni mkubwa kwangu na ni dada wa marehemu mume wangu, kwa hiyo shikamoo naitoa, hata kwa mtu ambaye nikimpigia simu anaiacha iite mpaka inyamaze yenyewe. Juzi nilimsikia kabisa mkamwana wako akisema, "Mama, ni wifi yako wa Mwanza," halafu ikakatwa. Mtandao haukati hivyo, Kabula. Hicho kilikuwa kidole.

Ndiyo maana naandika. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa darasa la nne. Koku, yule binti wa Kihaya aliyepanga chumba changu cha uani, ananisahihisha herufi tu. Maneno hayagusi. Nimemwambia akigusa hata moja nampiga na mwiko. Na barua hii ni ya wazi: itasomwa mbele ya watu wa mtaa kabla haijavuka maji ya Busisi kuja huko Geita kwa mwanao. Usiwake. Sababu nitakwambia, lakini kwanza nataka ukumbuke.

Unakumbuka siku tulipopanda mawe haya ya Igogo na kaka yako? Mimi na yeye tulichukua kiwanja cha katikati. Wewe, mjane wa juzi na mtoto mgongoni, ukachagua cha juu kabisa. Ulisema umechoka kutazamwa na watu kutoka juu, sasa utawatazama wewe. Kaka yako akaanza kuchimba choo. Kiganja kimoja cha udongo, halafu jiwe. Akahamia pembeni, jiwe. Akapiga sululu mpaka cheche zikaruka, akaitupa, akasema, "Mwanza haichimbiki. Hapa choo kinajengwa kwenda juu."

Kikajengwa kwenda juu. Ngazi tano za mawe. Ukashuka kukikagua, ukashika kiuno: "Kaka, hiki choo au altare? Mtu akipanda huku si atapiga goti kwanza?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kaka yako hakucheka. Alikuwa anajivunia kile alichokiacha chini ya ukuta: tundu la ukubwa wa kichwa cha mtoto, limezibwa kwa jiwe lililofungwa matambara na nailoni. Akatueleza kama mtu aliyevumbua moto. Choo kikijaa, unangoja mvua kubwa. Mvua ikishuka unavuta jiwe, choo kinatapika, maji yanabeba yanapeleka ziwani. Hulipi mtu, huchimbi kingine, hunusi kitu. Tukampigia makofi, mimi na wewe. Usikatae, ulipiga makofi.

Na mlima mzima ulifanya hivyo hivyo. Wengine wanafanya mpaka leo.

Ila mpangilio ulikuwa wako. Wewe ndiye uliyekuwa juu, wewe ndiye uliyeiona mvua ikivuka ziwa kutoka upande wa Ukerewe kabla haijatufikia. Walikuita Kabula kwa kuwa ulizaliwa mvua ikinyesha, na kweli mvua mlijuana. Ulikuwa unachukua lile sufuria lako la kupikia ugali wa msiba, lililobonyea ubavuni, unalipiga kwa mwiko. Mara tatu, jiandaeni. Ukilipiga mfululizo, vuteni. Nyumba ya juu ilianza, halafu ya pili, mpaka chini, kwa zamu, ili mzigo wa mmoja usimkute mwenzake maji yamepungua. Tulikuwa na adabu hata katika uchafu. Nyumba nane, mfereji mmoja, na hakuna aliyewahi kugombana na mwenzake. Nilikuwa naliona jambo la fahari.

Sasa kumbuka kipaimara cha Jeni. Najua unakikumbuka, maana tulikisimulia kwa kicheko miaka mingi. Mama Jeni, wa nyumba ya mwisho chini kabisa, pale mfereji unapopinda kwenda ziwani. Ametandika turubai, pilau liko motoni, wageni wamevaa viatu vya kuazima. Wingu likaja jeusi kama chungu. Ukapiga sufuria. Nikakupigia kelele kutoka chini, "Kabula, wana sherehe wale!" Ukajibu, "Mvua ya Mungu haina kadi ya mwaliko!" Ukavuta, mimi nikavuta, na wa chini yangu wakavuta.

Na mvua ikakatika.

Ilikatika kama mtu aliyefunga bomba. Jua likatoka. Na mzigo wa nyumba saba umesimama kwenye mfereji, mbele ya mlango wa Mama Jeni, unatoa moshi. Wageni wakaanza kuaga mmoja mmoja wakishika pua. Mama Jeni akapanda juu na chepeo mkononi, anauliza nani. Wewe, uso mkavu, ukamwambia, "Mama Jeni, hilo ni tope tu la mlimani." Akakujibu, "Tope lina mbegu za nyanya?" Loo! Tuliingia ndani tukafunga mlango, tukacheka tumeziba midomo kwa kanga.

Tulikisimulia mpaka hapo, tukaishia hapo. Lakini mimi na wewe tunajua hakikuishia hapo.

Wiki ile ile Jeni alianza kuhara na kutapika. Nilimbeba mimi mpaka barabarani. Mtoto wa miaka kumi na miwili, na mgongoni kwangu alikuwa mwepesi kama kanga iliyoanuliwa. Soksi nyeupe za kipaimara zilikuwa bado miguuni. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni, kufa usife, kufa usife. Hakufa. Mungu alituonea huruma ambayo sisi hatukumwonea yule mtoto. Niliporudi ulikuwa umesimama mlangoni kwangu. Hukuniuliza nani kamwambukiza. Ulisema, "Maji ya kisima yale." Na mimi nikasema, "Eeh, maji ya kisima." Mvua iliyofuata ulipiga sufuria, Kabula, na mimi nikavuta jiwe.

Hilo ndilo linaloniuma. Siku ya kipaimara tulikuwa wajinga. Mvua iliyofuata hatukuwa wajinga tena.

Ziwa lenyewe lilitueleza, ila hatukusikia. Lile jiwe letu bapa la kufulia, unakumbuka? Tulipohamia ulikuwa unasimama majini mpaka magotini na unahesabu vidole vya miguu yako. Ukipata kumi unasema, "Bado nimetimia." Halafu maji yakaanza kuwa ya kijani. Mwanzoni kama maji yaliyooshewa mchicha, baadaye mazito kama mlenda. Shuka ikiingia nyeupe inatoka na rangi. Halafu magugumaji yakaja, yakafunga mwalo mzima wa wavuvi, mitumbwi ikakwama kama nzi kwenye uji. Asubuhi moja tukakuta samaki wadogo wameelea ukingoni, midomo wazi, kama watu waliokosa pumzi. Ukasema ni uchawi wa watu wa ng'ambo. Nikakubali. Mtu na darasa langu la nne, kichwa kimekaa shingoni, nikakubali kwamba kuna mchawi anatoka ng'ambo kuja kupanda magugu Igogo. Mchawi alikuwa na ngazi tano na tundu chini ya ukuta.

Aliyenifungua macho ni Koku, na nilimtukana kwanza. Anafanya kazi na kikundi cha akina mama kinachotoa magugu ziwani. Siku moja nilikuwa nalaani magugu, akaniambia, "Bibi, ziwa halijalogwa. Limevimbiwa. Mnalilisha kupita kiasi." Nikamwambia mtoto wa watu asinifundishe ziwa, nimelioga kabla mama yake hajazaliwa. Alichukua beseni mbili kuukuu za kaka yako. Moja akatia maji safi, nyingine akatia maji yale yale na kikombe kimoja cha kile kitu kutoka kwenye tundu langu. Kila moja akaweka mmea mmoja wa gugu. Akaziacha uani, mbele ya macho yangu. Wiki ya tatu lile la maji safi lilikuwa limekonda, lina majani ya njano kama mgonjwa. La pili lilikuwa limezaa, limejaa beseni, linatambaa nje. Nililitazama nikiwa nimeshika fagio. Nikasema, kumbe hiki ndicho chakula chao. Na mpishi ni mimi.

Halafu nikamkumbuka baba yako mzee kule Kwimba. Ulinisimulia mwenyewe, tukiwa tunachambua dagaa. Alikuwa akihamisha zizi la ng'ombe kila baada ya miaka michache, na pale lilipokuwa zizi la zamani alipanda mahindi. Ulisema yalikuwa yanasimama kama maaskari, mtoto akiingia humo hapatikani mpaka aitwe. Ulijua, Kabula! Mtoto wa mfugaji wa Kisukuma, ulijua tangu hujaota meno kwamba kinachotoka kwa mnyama kinarudi shambani. Koku anasema kwao Bukoba ni hivyo hivyo, taka haitoki nje ya kibanja cha nyumbani, yote inaishia kwenye shina la mgomba. Sisi tulikuja mjini, tukaona mvua inabeba bure, akili ya baba zetu tukaiacha Kwimba. Tukalinyima shamba, tukamlisha samaki.

Sasa nikueleze tunachofanya, maana najua huko umesikia ya watu wa midomo. Umesikia kwamba wifi yako amezeeka anacheza na mavi. Sichezi, nafanya kazi. Gari la kunyonya haliwezi kupanda mawe, kwa hiyo kikundi kina pampu ya mkono. Tunanyonya choo kikiwa bado hakijajaa, tunatia kwenye mapipa yenye mifuniko, yanashushwa mpaka barabarani, toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, inayapeleka shambani Buhongwa. Kule kinakaushwa kwanza kwenye kitanda cha mchanga. Halafu kinachanganywa na magugu yaliyokatwakatwa, pumba za mpunga na majivu, kinarundikwa na kufunikwa. Rundo linapata moto lenyewe, Kabula, bila kiberiti. Ukichomeka kijiti ndani ukakichomoa, huwezi kukishika. Tunaligeuza, linapata moto tena, miezi inapita. Koku ni mkali kama sista wa shule: halitoki kabla ya wakati wake, na haliwekwi kwenye mboga za kuliwa mbichi. Mahindi na migomba tu. Likishaiva ukilishika ni udongo mweusi, na linanukia kama ardhi ilipopigwa na mvua ya kwanza. Nililia. Nilimwambia Koku ni jivu limeniingia machoni.

Tundu langu nimeliziba kwa zege. Lile jiwe la kaka yako naegemezea mlango wa jikoni. Simlaumu, alifanya alichojua. Lakini nikilipita nalitazama kwa jicho baya.

Mzee mmoja aliniuliza mbele ya kikundi, eti nyumba nane za Igogo zitaponya ziwa kubwa hivi, na kuna wenye viwanda na mabomba makubwa kuliko vyoo vyenu? Nikamwambia, baba, sisi tulilichafua tukisema choo kimoja hakiwezi kulichafua ziwa kubwa hivi. Hesabu ni ile ile, tunaigeuza tu. Na hao wa mabomba makubwa nitawafikia. Lakini siwezi kumnyooshea mtu kidole wakati chenyewe kinanuka.

Haya. Nimefika kwenye mkutano. Kaa vizuri.

Mwenyekiti wa mtaa aliuliza nani anatapisha choo. Kila mtu akatazama viatu vyake. Wa chini wakasema ni wa juu, wa juu wakasema ni wapangaji. Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi. Nimetapisha choo tangu meno yangu yote yakiwa kinywani." Watu wakacheka, na kicheko kikanipanda kichwani. Kabula, nakwambia ukweli wa Mungu, nilipenda kuchekewa. Nikaongeza, "Na mpiga ngoma wetu ni wifi yangu huyu hapa, kwa sufuria la ugali." Ukumbi ukalipuka. Mjinga mmoja akaanza kupiga kiti cha plastiki, mara tatu, halafu mfululizo. Ukasimama, ukakaza kanga, ukanitazama. "Tumekula sahani moja mimi na wewe," ulisema. "Leo unanimwaga kama maji ya kunawa?" Ukatoka. Siku ya tatu ulikuwa Geita.

Nimelifikiria jambo hilo vuli nzima, na nimefikia hapa. Dhambi ya mtu huitaja mwenyewe. Yangu ilikuwa yangu kuitaja. Yako haikuwa yangu. Nilikuchukua wewe nikakufanya kitoweo cha maneno yangu, ili aibu yangu ishuke vizuri kooni. Nilikutaja mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu. Ndiyo maana barua hii ni ya wazi. Wifi, nisamehe kwa kukutaja.

Kwa nilichokisema, siombi radhi. Kilikuwa kweli, na wewe unajua.

Na bado ni kweli. Tangu ulipoondoka nyumba saba zimeziba, moja baada ya nyingine, hata yule mbishi wa chini yako. Imebaki ya juu kabisa. Mvua ya vuli ilipokuja wapangaji wako walivuta. Nilipanda kwako nimelowa, nikawauliza mnafanya nini. Wakanijibu kwa heshima zote, "Shikamoo bibi. Mama mwenye nyumba alituambia mvua ikija tuvute. Hajatuambia vingine." Ningewafanyaje? Nyumba si yangu.

Mzigo wa choo chako ulipita mbele ya mlango wangu, Kabula. Ulipita nyumba zote saba zilizozibwa, kwenye mfereji ambao watu wameusafisha kwa mikono yao, ukapinda pale kwa Mama Jeni. Siku hizi anayekaa pale ni Jeni. Yule yule wa soksi nyeupe. Ana mtoto ameanza kutambaa, hakai mkekani, kila kitu anatia mdomoni. Jeni alitoka na ndoo ya majivu akaanza kumwaga kando ya mlango, mtoto amembana kiunoni. Alinitazama mimi, akatazama juu kwako, akaendelea kumwaga majivu.

Mimi siwezi kutazamwa hivyo tena na mtoto niliyembeba. Mgongo wangu umezeeka, haubebi mwingine.

Masika yanakuja. Fundi yupo, mchanga upo, pampu ipo. Kinachokosekana ni neno lako. Njoo usimamie mwenyewe, au waambie wapangaji neno moja kwa simu: zibeni. Kama unaona aibu kunipigia mimi, wapigie wao.

Nimempa kondakta wa basi mahindi kumi na mawili mabichi yaje na barua hii. Yametoka shamba la Buhongwa, na udongo wake umetoka, nakwambia wazi, kwenye choo cha kaka yako. Yachome ule. Usinikunjie pua. Umekula samaki wa mwalo huu tangu tulipohamia hukuuliza wamekula nini. Yatazame tu yalivyojaa mpaka nchani, halafu uniambie kama hayafanani na yale ya zizi la baba yako.

Sufuria lako uliliacha limening'inia kwenye msumari ukutani. Nimelichukua, nimelisugua kwa majivu linang'aa, ila ubavu umebonyea vile vile. Mapipa yanaposhuka kwenye mawe panatakiwa mtu wa juu apige, watoto watoke njiani, wanaoanua nguo waanue. Tumemjaribu Mama Jeni, akija kumsalimia mwanaye. Anapiga kama mtu anayebisha hodi kwa padri, hakuna anayesikia. Kazi ile ina mwenyewe.

Leo mchana wingu limesimama upande wa Ukerewe. Nilikuwa naosha vyombo, na masikio yangu yasiyojifunza yakainuka kungoja sufuria. Kimya. Nikasimama pale na mikono inachuruzika, natazama juu kwenye mlango wako uliofungwa. Niliifanyia mzaha sauti ile mbele ya watu, na kumbe nina hamu nayo.

Simu yangu iko mfukoni mwa aproni. Ikiita, napokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

Wabeja, asante sana, dada wa mume wangu. Nakungoja huku chini.

Ni mimi,
wifi yako wa ngazi tano.